MFUPA UPIMWE KWANZA, KISU KIFUATE

Saratani ya kinywa inapoota karibu na taya, daktari wa upasuaji huwa na swali moja ambalo hana budi kulijibu kabla hajashika kisu: je, maradhi yamekwisha kuingia katika mfupa, au bado? Swali ni fupi, lakini jibu lake ndilo linaloamua kama mgonjwa atabaki na taya lake, kama atatafuna chakula au atakunywa uji umri wake wote, kama atasema akaeleweka na watu, na pengine kama ataishi. Daktari akidhani mfupa ni mzima kumbe umeliwa, ataacha mbegu ya maradhi ndani yake, nayo itaota tena. Akidhani umeliwa kumbe ni mzima, atakuwa amemharibia binadamu mwenzake uso pasipo haja. Baina ya makosa mawili hayo ipo njia iliyonyooka, nayo ni kupima kwa makini kabla ya kukata.

Tunaliandika jambo hili tukiitazama Tosamaganga. Kwa msomaji wa visiwani asiyepajua, Tosamaganga ipo yapata kilomita 15 kutoka mji wa Iringa, katika vilima vya upande wa Kalenga, iliyokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa mpaka ilipoangushwa na Wajerumani mwaka 1894. Wamisionari wa Kijerumani walijenga misheni hapo mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikapokewa na Wakonsolata wa Kiitalia. Hospitali yake, iliyo chini ya Jimbo Katoliki la Iringa, imekuwa kwa miaka mingi hospitali teule ya wilaya, na madaktari wa shirika la CUAMM la Padua, Italia, wamefanya kazi hapo bega kwa bega na wenzao Watanzania. Wanaoiendea ni wakulima wa mahindi, wa maharage na wa tumbaku, wengi wao wakitoka vijiji vya mbali.

Msomaji wa Unguja au Pemba anaweza kuuliza: ya Tosamaganga yananihusu nini? Yanamhusu sana. Hospitali ya wilaya, iwe juu ya vilima vya Uhehe au iwe Wete, Chake Chake na Mkoani, ndiyo mlango wa kwanza ambapo mgonjwa hufumbua kinywa chake mbele ya mtaalamu. Bingwa wa upasuaji wa taya yuko mbali na mlango huo. Hata hivyo, kazi ya kujua hali ya mfupa huanza hapo hapo, na ikianza vibaya, bingwa atapokea mgonjwa aliyekwisha kupoteza nafasi ambayo hairudi. Hili ndilo tunalotaka wananchi na viongozi wa Serikali walizingatie: kupima mfupa wa taya si kazi ya mji mkuu peke yake.

Kwanza tueleze asili ya maradhi yenyewe. Saratani ya kinywa aghalabu huanzia katika ngozi laini inayofunika ulimi, sakafu ya kinywa, shavu na fizi. Visababishi vyake vikubwa vinajulikana: tumbaku, iwe ya kuvuta, ya kutafuna au ugoro, na vileo vya kila namna. Mtu anayevuta tumbaku na kunywa pombe huwa katika hatari iliyo kubwa zaidi kuliko ya kila kimoja peke yake. Katika visiwa vyetu na miji ya mwambao kuna jambo jingine la kutahadhari, nalo ni uraibu wa tambuu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilitamka mwaka 1985 kwamba kutafuna tambuu pamoja na tumbaku husababisha saratani kwa binadamu. Katika uamuzi mwingine uliochapishwa mwaka 2004 likaongeza kwamba hata tambuu isiyotiwa tumbaku, na popoo yenyewe, imo katika daraja hilo hilo. Tunajua kuwa tambuu ni heshima ya harusini na ya barazani, na wala hatuandiki haya ili kuwatukana wazee wetu. Lakini ukweli hauna budi kusemwa. Mtafunaji aghalabu huiweka tambuu baina ya shavu na ufizi, saa nyingi, upande ule ule. Hapo ndipo kidonda huweza kuota, na hapo ndipo mfupa ulipo, umefunikwa na nyama nyembamba tu.

Pili, yafaa ieleweke kwamba si kila uvimbe wa taya ni saratani ya kinywa. Historia ya Afrika Mashariki yenyewe inatufundisha. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya, na muda mfupi baadaye akaona mtoto mwingine mwenye hali kama hiyo. Aliandika habari zake mwaka 1958, na mwaka 1961 akafunga safari ndefu kwa gari, yeye na wenzake wawili, akipita Tanganyika hadi kusini mwa bara, akiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama maradhi hayo yanaonekana. Iligunduliwa kwamba uvimbe ule ni saratani ya chembe za kinga ya mwili, kwamba hupungua katika nchi za juu zenye baridi, na kwamba dawa huuyeyusha pale ambapo kisu hakifui dafu. Upo tena uvimbe unaotokana na chembe za kuundia meno, uitwao ameloblastoma, ambao madaktari wa nchi yetu huuona mara kwa mara. Huo si saratani, lakini hutanua taya na kulila polepole kwa miaka. Maradhi matatu, taya moja, na matibabu ya kila moja ni mbali na ya mengine. Kwa hiyo kabla ya kuuliza maradhi yamefika wapi, sharti ijulikane ni maradhi gani. Kipande kidogo cha nyama kikatwe ukingoni mwa kidonda, kitiwe katika chupa yenye dawa ya kukihifadhi, kiandikwe jina la mgonjwa na mahali kilipotolewa, kipelekwe maabara kikasomwe chini ya hadubini.

Jina la maradhi likishajulikana, ndipo swali la mfupa hufuata. Saratani haiingii katika taya kwa njia moja. Kwa mtu mwenye meno, hupenya pale ufizi unapokutana na jino, kisha ikateremka kandokando ya mzizi. Kwa mzee asiye na meno, huingilia juu ya ukingo wa taya, mahali meno yalipokuwa. Kwa mtu aliyewahi kupigwa mionzi, milango huwa mingi na haitabiriki. Tena namna ya kula hutofautiana. Kuna saratani inayoumung'unya mfupa kwa mstari mmoja ulio wazi, mfano wa wimbi linalokula ufuo, na kuna inayotuma vidole vyake ndani ya uboho bila kuacha mpaka. Hii ya pili ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwani huenda mbali kuliko jicho linavyodhani, na ikishaufikia mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini, huweza kusafiri nao.

Sasa mfupa hupimwaje? Kipimo cha kwanza hakihitaji umeme. Ni macho, tochi na kidole kilichovikwa mpira. Daktari hushika uvimbe na kuutikisa taratibu: ukiteleza juu ya mfupa, ni dalili njema, ukiwa umegandamana nao kama chaza mwambani, ni dalili ya kutia shaka. Huuliza kama mdomo wa chini na kidevu vimekufa ganzi upande mmoja, kwa sababu ganzi hiyo huashiria kwamba mshipa wa fahamu ndani ya taya umeguswa. Hutazama kama kuna jino lililolegea bila ya sababu. Hupima kinywa kinafumbuka kiasi gani, kwani kisipofumbuka huenda misuli ya kutafunia imeingiliwa. Hupapasa shingo kutafuta tezi zilizovimba. Yote haya mganga wa hospitali ya wilaya anaweza kuyafanya kwa muda wa robo saa, na kuyaandika.

Kipimo cha pili ni picha ya eksirei, hasa ile ya panorama inayoonyesha taya zima kutoka sikio hadi sikio. Ni picha ya bei nafuu na yenye manufaa makubwa: huonyesha meno, huonyesha urefu wa mfupa uliobaki, na huonyesha pale palipoliwa sana. Lakini ina udhaifu ambao kila mtumishi wa afya hana budi kuujua. Ili eksirei ya kawaida ionyeshe kasoro, mfupa huwa umekwisha kupoteza takriban theluthi moja hadi nusu ya madini yake mahali hapo. Kila mwenye nyumba ya mawe anajua habari ya boriti iliyoingiwa na mchwa: nje inang'aa kwa rangi, ndani imekuwa unga, na siku ya kuibonyeza kidole kinazama. Eksirei ikionyesha mfupa umeliwa, isadikiwe. Ikionyesha mfupa ni mzima, isiwe hati ya kuuachilia huru.

Kwa ajili hiyo kuna vipimo vya daraja la juu. Mashine ya CT huukata mfupa kwa picha nyembambanyembamba na kulionyesha gamba lake gumu kwa ubainifu, ingawa meno yaliyozibwa kwa madini huweza kuitia kiwi. Mashine ya MRI huona vizuri zaidi nyama, uboho na njia ya mshipa wa fahamu, lakini uvimbe unaotokana na jino bovu huweza kuidanganya ikadhani ni saratani. Kipo pia kipimo cha dawa yenye mnururisho inayokusanyika katika mfupa wenye msukosuko. Hicho ni chepesi wa kushuku, na huwaka hata kwa usaha au kwa tundu la jino lililong'olewa juzi. Hakuna hata kimoja kisichokosea. Hekima iko katika kuvikutanisha, kama kadhi anavyowasikiliza mashahidi mbalimbali: kidole, picha na historia ya mgonjwa vikikubaliana, hukumu huwa na nguvu, vikigongana, huulizwa shahidi mwingine. Na shahidi wa mwisho yuko ndani ya chumba cha upasuaji, pale daktari anapoubandua utando unaofunika mfupa na kuutazama kwa macho yake. Lakini shahidi huyo huja wakati mgonjwa amekwisha kulazwa usingizi, na mfupa, kwa ugumu wake, hausomeki maabara kwa dakika chache kama nyama. Ndiyo maana haifai kumtegemea yeye peke yake.

Matokeo ya hukumu ni haya. Saratani ikiwa iko mbali na mfupa, hukatwa nyama peke yake na taya huachwa. Ikiwa imeukaribia au imeugusa juujuu, hukatwa ukingo wa juu wa taya na upande wa chini huachwa ukiwa daraja, ambalo lisipungue kimo cha sentimita moja hivi, la sivyo huvunjika. Kwa mzee asiye na meno, ambaye taya lake limekonda, huenda nafasi hiyo isipatikane kabisa. Ikiwa imeingia ndani, kipande kizima cha taya hutolewa, na pengo hilo hujengwa upya kwa sahani ya madini, au kwa mfupa mwembamba wa mguuni unaohamishwa pamoja na mishipa yake ya damu, ufundi uliotangazwa na daktari David Hidalgo wa Marekani mwaka 1989. Isitoshe, maradhi yakishatoboa gamba gumu la mfupa huhesabiwa kuwa yamefikia daraja la nne, na aghalabu tiba ya mionzi hufuata baada ya upasuaji.

Zamani hapakuwa na mashaka kama haya. Madaktari waliamini kwamba saratani hupita katika utando wa mfupa hata kama mfupa wenyewe hauna dalili, kwa hiyo taya lilikatwa karibu kila mara, kwa tahadhari tu. Uchunguzi uliofanywa na Marchetta na wenzake huko Buffalo, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1971, ulisaidia kuivunja imani hiyo: mfupa huingiliwa pale uvimbe unapoufikia, na wala si kwa njia ya siri. Tangu hapo kulikata taya zima kukawa kunahitaji ushahidi. Wahenga walisema, kata pua uunge wajihi. Ni usemi wa hekima, kwa kuwa yapo makali yasiyoepukika ili uhai usalimike. Lakini anayekata pua pasipo kujua kama wajihi unahitaji kuungwa huwa amefanya dhuluma, hata kama nia yake ilikuwa njema.

Hebu sasa tumfuate mgonjwa mwenyewe katika njia yake. Tuseme ni mkulima wa kijiji kimoja cha Iringa, au ni mchuuzi wa Micheweni. Ana kidonda ufizini kisichopona. Kwanza anasukutua kwa chumvi. Kisha anakwenda kwa mganga wa kienyeji. Kisha jino linalegea, anakwenda kung'olewa, na hapa ndipo msiba mkubwa unapotokea. Jino lililolegea juu ya kidonda cha saratani, likivutwa kabla ya kidonda kujulikana, huacha tundu wazi mpaka katikati ya mfupa, na maradhi yaliyokuwa yakibisha mlangoni hukaribishwa ndani. Tundu hilo haliponi. Baada ya hapo huanza safari: kutoka Tosamaganga kwenda hospitali ya mkoa mjini Iringa, halafu Mbeya au Dodoma, au Muhimbili na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliyo umbali wa kilomita 500 hivi kutoka Iringa. Mwenzake wa Pemba huvuka bahari kwenda Mnazi Mmoja, na akihitaji mionzi huvuka tena kwenda Ocean Road. Kila kituo kina foleni yake na gharama yake ya malazi na nauli ya msindikizaji. Na picha iliyopigwa miezi mitatu iliyopita haisemi kweli ya leo, kwa maana saratani haingoji foleni.

Tukisema hivyo hatukusudii kuwakatisha tamaa watu, wala kuipuuza kazi iliyokwisha fanywa. Mafunzo ya madaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979, na leo nchi inao mabingwa wake wenyewe wa upasuaji wa kinywa na taya. Baada ya mwaka 2021 Serikali ilipeleka mashine za CT katika hospitali nyingi za rufaa za mikoa, jambo ambalo miaka ya nyuma lilikuwa ndoto. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na Zanzibar ikaanzisha Mfuko wake wa Huduma za Afya. Vyombo vipo zaidi ya jana. Linalohitajika sasa ni utaratibu wa kuviunganisha, maana mashine isiyofikiwa na mgonjwa kwa wakati ni sawa na kisima chenye kufuli.

Kwa viongozi wetu, basi, tunayo machache ya kusema. Kwanza, kila hospitali ya wilaya iwe na uwezo wa kukata kipande cha nyama cha kupima, na usafiri wa kukifikisha maabara, na majibu yarudi kwa siku zinazohesabika. Mtungi wa dawa ya kuhifadhia nyama ni kitu kidogo katika bajeti, lakini ukikosekana, mengine yote husimama. Pili, barua ya rufaa iseme mambo: uvimbe uko wapi, una ukubwa gani, unateleza au umegandamana, mdomo una ganzi au hauna, tezi za shingo zikoje, meno gani yamelegea, na kama mgonjwa aliwahi kupigwa mionzi. Barua yenye maneno matatu, "kidonda cha kinywa", humrudisha bingwa mwanzo wa safari. Tatu, picha ya CT ipigwe katika kituo cha karibu na nyumbani na isafiri pamoja na mgonjwa, ili asifike Dar es Salaam kupanga foleni ya kipimo ambacho angekipata mkoani. Nne, kwa kuwa afya si jambo la Muungano, wizara mbili, ya Bara na ya Zanzibar, ziwe na makubaliano yaliyo bayana ili mgonjwa wa Pemba asipotee baina ya makabrasha ya ofisi mbili. Tano, bima isiishie kulipa kisu. Ilipe picha inayokitangulia kisu, na sahani, meno ya bandia na mafunzo ya kusema yanayokifuata. Kumtoa mtu taya na kumwacha bila chochote cha kumrudishia kauli ni kufanya nusu ya kazi.

Kwa wananchi, wito wetu ni mfupi zaidi. Kidonda cha kinywa kinachozidi wiki mbili bila kupona kionyeshwe hospitali. Kadhalika doa jeupe au jekundu lisilotoka, jino linaloanza kucheza lenyewe, ganzi ya mdomo, au meno ya bandia yaliyokuwa yakikaa vizuri na ghafla yakakataa kukaa. Usikubali jino ling'olewe juu ya kidonda kabla kidonda hakijatazamwa. Na mwenye kutafuna tambuu au kutia ugoro, kama hajaweza kuacha leo, basi angalau awe na desturi ya kujitazama kinywani kwa kioo, na siku ya kuacha isiwe mbali.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa maradhi haya huanzia katika ufizi, mahali ambapo kidole cha mganga wa wilaya kinaweza kuufikia. Ukigunduliwa wakati mfupa bado mzima, upasuaji huwa mdogo na mtu hurudi shambani au dukani kwake akiwa na sura ile ile aliyoondoka nayo. Ukiachwa, gharama zake hubebwa na mgonjwa, na jamaa zake, na hazina ya umma kwa pamoja. Basi na tupime mapema, tuandike tulichopima, tumfikishe mgonjwa kwa bingwa pamoja na picha zake. Hapo ndipo daktari atakaposhika kisu akiwa na hakika ya anachokikata, na mgonjwa atakapokubali akiwa na hakika ya anachokitoa.